Lakiri ya Kaburi la Bata

Qurna, Luxor
22 Oktoba 1987

Dada Wahiba,

Shikamoo. Salamu kutoka kwetu sote, kuanzia Baba mpaka punda. Karima mke wangu anakusalimu sana. Hind ameota meno mawili na anang'ata kila anayemkaribia, hasa mimi niliyemzaa. Miwa mwaka huu imerefuka mpaka inaficha njia. Mwambie shemeji Fathi feni aliyotuletea bado inazunguka, ila kwa kelele zake majirani wanadhani tumefungua kinu cha kusaga.

Kazi ipo, namshukuru Mungu. Mabasi yanashuka kila siku kutoka Ghardaka. Wageni wametoka kuogelea baharini, pua zimeiva kama nyanya, nami napewa muda wa saa saba niwaonyeshe miaka elfu tatu. Saa nne Karnak, saa sita kivuko, saa saba Bonde la Wafalme, makaburi matatu kwa tiketi moja, kisha hekalu la malkia, kisha duka la alabasta dakika arobaini (kampuni inalipenda duka hilo kuliko wafalme wote), masanamu mawili, picha, basi, kwaheri. Juzi bwana mmoja kaniuliza kwa nini wafalme walizikwa mbali hivyo na hoteli. Nikamwambia waliogopa kelele. Akaandika kwenye daftari!

Baba hajambo. Siku hizi yuko nyumbani, anapumzika kidogo. Umri nao. Usimsumbue kwa maswali, unamjua alivyo.

Barua hii anakuletea Ragab fundi bomba, anarudi huko Jumamosi.

Mdogo wako,
Shazli

*

Kuwait
19 Novemba 1987

Shazli,

Marahaba. Sisi wazima. Fathi kapewa zamu mpya kazini, sasa nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole mchana akilala. Watoto wameanza kuongea kama wenyeji wa huku, wananisahihisha mimi mama yao, na mimi nawapiga kwa Kiarabu cha Qurna ili wasisahau. Nilipika mulukhiya ya majani makavu ikatoka kama dawa ya kuoshea ng'ombe. Hind mng'atie mashavu kwa niaba yangu, naye aonje utamu wake.

Sasa nikuulize. Baba anapumzika? Baba yupi? Ni huyu Bakhit wetu, aliyerudi mlimani siku ya nne baada ya kumzika Mama, akasema makaburi hayana likizo? Mtu aliyelinda makaburi ya watu miaka thelathini na moja, homa ikimshika anakwenda na blanketi lake, leo umri umempata ghafla tu kama mafua?

Nilimuuliza Ragab, akaanza kuisifu chai yangu. Chai yangu mbaya, Shazli, na hilo ukoo mzima unalijua. Kuna jambo. Niambie.

Dada yako,
Wahiba

*

Qurna
13 Desemba 1987

Dada Wahiba,

Shikamoo. Tunaendelea. Karima alikuwa na jipu la jino, limepasuka, amepata nafuu. Baridi imeanza asubuhi.

Sikutaka uumie ukiwa mbali, basi. Tarehe 8 Oktoba palitokea ajali kwenye Kaburi la Bata. Unakumbuka idara ya mambo ya kale ililifunga mwaka juzi na kulipiga lakiri, kwa sababu lile shimo la ndani halijawekewa uzio. Wageni watatu walimwendea Baba wakamwomba awafungulie, naye akafungua. Akasimama nje na kioo chake kuwamulikia ndani kwa jua kama kawaida. Kioo kikamteleza mkononi, mle ndani kukawa giza, mama mmoja wa Kijerumani akatumbukia shimoni. Ameumia uti wa mgongo. Walimsafirisha kwao baada ya siku sita, na wanasema hatatembea.

Mimi nilikuwa chini kwenye basi na wageni wengine.

Hayo ndiyo Baba mwenyewe aliyoyaandikisha polisi. Amesimamishwa kazi, ufunguo wameuchukua, na mwendesha mashitaka amefungua jalada. Kuvunja lakiri ya serikali na kumjeruhi mtu kwa uzembe. Wakili mmoja wa mjini anasema inaweza kufika miaka mitatu.

Nakuomba usilie, na usije. Ukija utafanya nini? Tuombe Mungu tu.

Shazli

*

Kuwait
7 Januari 1988

Shazli,

Salamu. Hapa mvua imenyesha siku mbili, barabara zimekuwa mito na watu wa huku wanaogopa maji kama paka. Mtoto wangu wa kwanza kashika namba tatu darasani. Haya, hayo ndiyo ya nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara nne, kila nikisoma inazidi kuninyima usingizi. Kwanza, Baba alimrudisha waziri. Ulikuwa mdogo, mimi nakumbuka. Waziri na koti lake na walinzi, na Baba amesimama mlangoni, mikono kifuani: "Karatasi ya mkaguzi iko wapi, mheshimiwa?" Mtu huyo ndiye kawavunjia lakiri watalii watatu waliopita njia?

Pili, walimwomba kwa lugha gani? Baba anajua Kijerumani cha "karibu", "taratibu", "kushoto", "angalia kichwa", na "asante sana bibi". Kwa maneno hayo huwezi hata kununua vitunguu.

Tatu, kioo. Baba ameshika kioo tangu kabla sijazaliwa. Nimemwona akipeleka jua mpaka ukuta wa mwisho kwa mkono mmoja, mkono wa pili una glasi ya chai, na mdomo unagombana na mwenye ngamia. Kioo hakikumteleza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikusemi vibaya. Nakuuliza swali moja tu, unijibu kwa wino, kwa mkono wako: wewe ulikuwa wapi?

Wahiba

*

Qurna
2 Februari 1988

Dada,

Nimekwishakwambia nilikuwa kwenye basi. Mara ngapi?

Ni rahisi kuuliza maswali ukiwa huko chini ya kiyoyozi. Huku kuna watu wanahitaji kula. Mshahara wa Baba umekatwa tangu Oktoba. Leseni yangu ya uongozi ndiyo inayoleta unga, na kampuni wameniambia waziwazi, jina langu likiingia kwenye jalada hilo nisirudi tena ofisini kwao. Kwa hiyo kila siku napanda kivuko, natabasamu, nahesabu vichwa, naeleza wafalme. Jana nilipita chini ya Kaburi la Bata na watu thelathini na wanne. Nikawageuzia upande wa pili, nikawaonyesha punda.

Baba hanisemeshi. Tunakula sinia moja, anamega mkate, ananisogezea bamia upande wangu, hanisemeshi. Karima anazungumza naye, na Hind ndiye rafiki yake mkubwa. Mimi hapana.

Mwendesha mashitaka amepanga tarehe 21 Machi, wote tufike ofisini kwake upande wa mashariki wa mto. Hapo ataamua kama jalada linakwenda mahakamani.

Tafadhali usiniandikie tena juu ya kioo.

Shazli

*

Kuwait
20 Februari 1988

Shazli,

Barua imefika. Sisi wazima. Hind anasimama? Wa kwangu wote walichelewa kusimama, wakawahi kusema.

Tarehe nimeiona. Sina swali tena. Nami nina jambo ambalo sijakwambia, na sitakwambia kabla yako.

Wahiba

*

Qurna
5 Machi 1988

Dada Wahiba,

Shikamoo. Hind anasimama kwa kushika ukuta. Karima mzima. Ng'ombe wa jirani kazaa.

Nilikuwa ndani ya kaburi. Nilitangulia mimi.

Nimeandika hivyo kisha nimeiacha karatasi siku mbili nzima. Leo namaliza, maana nisipomaliza nitaichana kama nilivyozichana nyingine tatu.

Siku ile basi lilikuja na watu ishirini na sita. Karnak kukawa na joto la kukausha mate. Nikawa nasema yale yale, nguzo ngapi, mfalme yupi, mikono inaonyesha na akili iko kwenye chakula. Nyuma akainuka mama mmoja, mwalimu mstaafu, Hannelore jina lake, kofia ya ukili, viatu vya mlimani. Akauliza: "Samahani, hapa nani alikuwa anafagia?"

Miaka tisa, Wahiba! Miaka tisa wananiuliza dhahabu iko wapi, laana ni ya kweli, choo kiko wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani alifagia. Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema pamoja na wafalme wote hawa lazima kulikuwa na mtu wa ufagio, na angependa kujua alizikwa wapi. Nikampenda pale pale, kama ninavyowapenda walimu wangu wa zamani. Nikamwambia wa ufagio simjui, lakini namjua mtu aliyewalisha bata wa hekalu.

Tulipofika duka la alabasta nikawaacha wengine kwa wauzaji. Tukapanda mlimani yeye, mimi, na mume na mke waliopenda kufuata. Baba alikuwa amekaa kivulini. Nikamwambia atufungulie Kaburi la Bata. Akasema, "Lina lakiri, Shazli. Na shimo liko wazi." Nikasema dakika tano tu. Akatikisa kichwa. Wale wageni wanatutazama, hawaelewi neno ila wanaelewa kwamba nanyimwa. Damu ikanipanda usoni. Nikamwambia, "Baba, usinivunjie uso mbele ya wageni."

Unajua maana ya maneno hayo kwetu. Akinikatalia hapo, amenikana. Alinitazama kidogo. Akatoa kisu, akavunja lakiri, akafungua kufuli. Akachukua kioo. Nilipokuwa naingia akaniambia, "Waambie shimo." Nikamjibu, "Najua, Baba."

Kioo hakikuteleza. Jua liliingia sawasawa mpaka ukutani, bata wote waliochorwa wakaonekana, hata yule anayejikuna chini ya bawa. Mimi nilikuwa natembea kinyumenyume, uso kwa wageni, nasimulia. Nasimulia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na nilipofika kwenye shimo, mguu wangu ukaruka.

Uliruka wenyewe, Wahiba. Kama unavyoruka kizingiti cha nyumbani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuliruka, nina miaka minne, nyumba ya babu bado iko juu ya kaburi lile, tunaficha mayai ya kuiba humo ndani. Sijawahi kulitazama lile shimo, miguu yangu ndiyo inalijua. Haikunijia kichwani kwamba kuna watu duniani wasiolijua. Yule mama alikuwa anawatazama bata, akanifuata. Alipiga hatua moja ya kawaida tu.

Nilishuka kwa kamba ya Baba. Nilimshika mkono saa moja na nusu mpaka walipoleta ngazi na ubao. Aliniuliza kama bata wamepona. Nikamwambia wamepona.

Polisi walipofika, Baba akasema kabla sijafungua mdomo: "Wageni walinijia wenyewe. Mwanangu alikuwa kwenye basi. Kioo kiliniteleza." Alisema kwa sauti ile ya kumaliza mazungumzo. Nikanyamaza. Hapo ningeweza kusema nilipigwa na bumbuazi, na mtu angenielewa.

Lakini jioni ile ile waliwaandikisha wale mume na mke, na mtafsiri hakupatikana. Ofisa akaniambia, wewe si unajua Kijerumani, kaa hapa. Yule bwana akasema, "Kiongozi wetu alituita tupande naye." Nikatafsiri: "Tulimwomba yule mzee atufungulie." Yule bibi akasema, "Kiongozi wetu alitangulia mbele." Nikatafsiri: "Tulikuwa peke yetu." Wakatia sahihi kwenye Kiarabu wasichoweza kukisoma. Walinishika mkono, wakanishukuru kwa msaada.

Baba alikuwa kwenye benchi mita mbili kutoka kwangu. Neno lao la kiongozi wa wageni analijua, amelisikia miaka thelathini na moja. Alilisikia likitajwa mara mbili, akasubiri kulisikia kwa Kiarabu, hakulisikia. Akainamisha kichwa. Tangu hapo hanisemeshi.

Zimebaki siku kumi na sita. Nikisema, namfanya Baba mwongo mbele ya serikali na mbele ya wanaume wote wa Qurna, mzee ambaye neno lake halijawahi kurudishwa. Nisiposema, anakwenda jela. Niambie nifanye nini. Wewe ni dada yangu, niambie.

Shazli

*

Kuwait
15 Machi 1988

Mdogo wangu Shazli,

Sitaanza na salamu, utanisamehe. Barua yako imefika leo na sijui kama hii itakuwahi.

Nilikuwa najua. Tangu Oktoba nilijua. Ragab hakuisifu chai yangu wala nini. Alinipa barua yako na kaseti ya Baba, akaondoka hata maji hayajachemka. Niliisikiliza jikoni, bomba nimelifungulia ili Fathi asisikie. Baba anasema: "Wahiba, nduguyo ndiye aliyepanda na wageni. Aliniomba mbele yao, nami mwana simkatai mbele ya watu. Lakiri nimeivunja kwa mkono wangu, hilo langu. Yaliyobaki nimeyachukua, ni mepesi, mimi nimeshaishi. Usimuulize. Akiyasema mwenyewe, sawa. Futa kaseti hii."

Kaseti sikuifuta, na kukuuliza nikakuuliza. Kwa hiyo nami si mtoto mtiifu.

Lakini usinione msafi kwa sababu nilikuwa nakuchokonoa. Nilikuwa na miezi mitano ya kumwandikia mwendesha mashitaka, au kukuandikia wewe "najua, nenda kaseme", nisikuzungushe na maswali ya kioo. Kwa nini sikufanya? Kwa sababu niliwapima, Shazli. Nilikaa pale jikoni nikawapima. Baba ana miaka sitini na minne, na wewe una mke na mtoto wa kuota meno. Nikaona, Mungu anisamehe, bora aende yeye. Kisha nikakuandikia barua za ukali ili nijisikie binti mwema. Ni binti gani anampima baba yake kama nyama ya Ijumaa?

Unaniuliza ufanye nini. Unamwogopea Baba asiitwe mwongo. Baba amechagua uwongo wake, na kwa ajili yako, na mbele ya Mungu atajua kujieleza. Wa kwako hukuufanya kwa ajili ya mtu mwingine ila wewe. Basi nakwambia lile nililopaswa kukwambia Oktoba: kaseme.

Nalia sana leo. Fathi kaamka kaniuliza, nami nimemweleza yote.

Dada yako,
Wahiba

*

Mahabusu ya Luxor
24 Machi 1988

Dada Wahiba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 15 Karima ameniletea leo, pamoja na mkate wetu wa kuumuliwa juani na jibini kongwe. Polisi wa zamu ameonja jibini kwanza, kwa usalama wangu anasema, ikabaki nusu. Hind amepiga hatua tatu bila ukuta. Sikuziona.

Hukuniwahi, lakini nashukuru. Nitakusimulia ilivyokuwa, maana utasikia kwa watu na watu wataongeza chumvi.

Nikwambie kweli, asubuhi ya tarehe 21 nilivuka mto nikiwa sijaamua. Baba alikaa mbele ya kivuko, mimi nyuma. Kavaa kanzu yake ya sikukuu. Ofisini walikuwepo mwendesha mashitaka, kijana mwenye miwani, karani wake, mkaguzi wa idara na sisi wawili. Wakamsomea Baba maelezo yake. Akasema ndiyo, ni yangu. Nikaulizwa, ulikuwa kwenye basi? Mdomo wangu, Wahiba, ukasema ndiyo. Hata sasa naandika naona haya.

Kisha yule kijana akafungua bahasha. "Kuna barua ya majeruhi, imekuja kupitia ubalozi wao. Mtafsiri aliyeapishwa yuko Qena, anaumwa. Jalada linaonyesha wewe ndiye uliyetafsiri mara ya kwanza. Haya, tafsiri na hii."

Akanipa. Kurasa mbili, mwandiko umepinda, ameandika amelala chali. Wote mle ndani wanatazama mdomo wangu, na hapana hata mmoja awezaye kusoma mstari. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema anamsamehe mzee na anaisalimu Misri, tukaenda kunywa chai.

Nikaanza. "Kwa mheshimiwa hakimu. Namsalimu kwanza yule mzee wa kioo." Baba akainua kichwa. "Nimesikia kwamba anashitakiwa, nami sielewi, kwa sababu mwanga wake haukuzimika hata mara moja. Niliona kila kitu, ila niliangalia juu."

Hapo nikasimama. Karani akasema, maji? Nikasema hapana. Mstari uliofuata nilikuwa nimeshauona, na neno lile lilikuwa mwanzoni mwake. Nikajua nikiliruka hili sitasimama tena popote duniani.

Nikasema: "Kiongozi wetu alitangulia. Aliruka kitu, nikadhani ni furaha, kwa kuwa alikuwa anasimulia kwa furaha. Nilimfuata. Hakutuonya. Baadaye alishuka akanishika mkono, hakuniachia mpaka walipoleta ngazi. Simchukii. Lakini nimefundisha watoto miaka thelathini na minane, na sitaki mzee afungwe kwa kosa la mtu mwingine."

Mwendesha mashitaka akavua miwani. "Kiongozi yupi?"

Kabla sijajibu, Baba kasimama. "Bwana mkubwa, huyu Kijerumani chake kibovu. Kibovu kabisa! Alifeli. Msiandike hayo."

Karani akacheka. Wahiba, yule mzee alikuwa anawaomba watu wazima waamini kwamba mwanawe ni mjinga. Miaka yote hiyo alipita kila nyumba ya Qurna anajisifu kwamba mwanawe anaongea Kijerumani kama Wajerumani.

Nikasema, "Kiongozi ni mimi. Na maelezo ya wale wawili niliyapinda, yaandikeni upya. Na lakiri aliivunja kwa kuwa nilimwambia asinivunjie uso."

"Mzee," mwendesha mashitaka akamuuliza, "mwanao amesema kweli?"

Baba alitazama msahafu ulioko juu ya meza. Hakuna aliyemwambia auguse. Akakaa chini, akaweka mikono magotini, akasema, "Kijerumani chake kizuri."

Basi imekwisha hivyo. Mimi nitashitakiwa kwa uzembe na kwa kutafsiri uwongo, na hili la pili ndilo zito. Leseni wameichukua hapo hapo. Baba anabaki na kosa la lakiri tu, na mkaguzi anadhani watamstaafisha bila kumfunga. Kampuni haijaleta hata salamu. Nimemwandikia Bibi Hannelore, sijui kama nitajibiwa, na sistahili.

Nilikuwa namwogopea Baba kuchekwa Qurna. Karima anasema wanaume wanamjia kibarazani, wanakaa naye, hawataji kitu.

Lakini nataka ujue alichoniambia. Walinitoa ofisini na askari mmoja, Baba akatufuata kwenye kijia cha nje. Yule askari ni mtu wa kwetu, akageuka akawasha sigara polepole. Baba akanishika kola akainyoosha. Nilidhani atanibariki, au atanipiga kofi. Miezi mitano na nusu nilikuwa nangoja mojawapo.

Akasema, "Mimi kwenda jela nilikuwa nimeshajizoeza. Nilijizoeza kila siku, nikala chakula kidogo, nikalala chini bila godoro, nikamaliza. Wewe kwenda sijajizoeza."

Nikamwambia, "Baba, nisamehe."

Alikaa chini penye ukuta pale pale juani, na yule askari ananiambia kivuko cha kwanza kikaondoka bila yeye, na cha pili, na cha tatu.

Mdogo wako,
Shazli